Bwana Sanduku Anatafuta wa Kumkemea

Bwana Sanduku alikuwa fundi wa majeneza, na kwa kazi hiyo hakuwa mtu wa kutishika ovyo. Ukimwambia atakufa, anakutazama kuanzia utosini hadi kisiginoni, taratibu, kama mtu anayekadiria ubao, halafu anasema, "Sote, ndugu yangu. Ila wewe utakula mbao nyingi." Kwa jibu hilo alikuwa amekwisha kuwanyamazisha mashemeji, majirani, mhubiri mmoja wa barabarani, na hata mama mkwe wake, na kumnyamazisha yule mama si kazi ya mtoto.

Sigara alizianza ujanani na hakuwahi kugombana nazo. Alipiga randa na sigara mdomoni, akapaka gundi na sigara mdomoni, akapokea wafiwa huku moshi ukimtoka puani, na wafiwa hawakumlaumu, kwa kuwa mtu aliyefiwa hana nafasi ya kuchunguza pua ya fundi. Tatizo likawa kifua. Kilianza kulia filimbi, kikaja kukohoa asubuhi, kisha kikakohoa asubuhi, mchana na jioni, na mwishowe fundi akawa hawezi kuinua upande mmoja wa jeneza tupu bila kusimama katikati ya njia na kujifanya anakagua bawaba.

Kliniki ya kifua aliijua vizuri. Kwa miaka mingi ilishikwa na tabibu mmoja mnene ambaye wagonjwa walimwita Kipaza, kwa sababu ukikaa kwenye benchi la nje ulisikia dhambi zote za aliyeko ndani. Kipaza hakuwa mtu mbaya. Aliwapenda wagonjwa wake kama baba mkali anavyopenda watoto watundu, na dawa yake kuu ilikuwa makaripio. Ukutani alibandika picha ya mapafu meusi kama sufuria ya kuni.

"Unayaona haya?" alikuwa akimwuliza Bwana Sanduku. "Haya ndiyo yako."

"Mliyapiga picha lini, dokta?"

"Utakufa wewe."

"Sote, dokta. Ila wewe..." Na macho yake yakaanza safari kutoka utosini.

Hapo Kipaza alipandisha sauti mpaka vioo vya dirisha vikatetemeka. Sikio la kufa halisikii dawa, alisema, na alisema hivyo mara nyingi kiasi kwamba wagonjwa walioko nje walikuwa wakimalizia sentensi pamoja naye, kwa sauti ya chini, kama kiitikio.

Kwa hiyo benchi lile la nje likageuka chuo cha uongo. Waliokatazwa chumvi walisema wamesahau hata ladha yake. Waliokatazwa pombe walisema wanaonja kwenye harusi tu, na mwaka ule, ukiwasikiliza, mtaa mzima ulikuwa umeoa. Bwana Sanduku alitafuna pipi za mnanaa njia nzima, akajipulizia marashi ya mkewe, akaingia akinukia kama bibi harusi, akasema, "Nimepunguza, dokta." Kipaza akiuliza kwa kiasi gani, alijibu, "Kwa kiasi kikubwa." Kisha alitoka, akafika getini, akawasha moja. Sigara ya getini ndiyo iliyokuwa tamu kuliko zote. Aliivuta kwa hasira, na hasira, kama chumvi, hukoleza kila kitu.

Mkewe aliitwa Mama Pacha, kwa sababu ya mapacha wao waliokwisha kuolewa na kuondoka. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi na macho makali, na dirisha la jikoni kwake lilitazamana na mlango wa karakana. Baada ya usiku mmoja wa kukohoa ambao majirani pia walishiriki, alimwapisha mumewe kwa roho za mapacha kwamba hatavuta tena. Bwana Sanduku akaapa. Akakaa na kiapo chake tangu chai ya asubuhi hadi karibu na saa ya chakula cha mchana, kisha akaanza kutafuta mahali ambapo jicho la dirishani halifiki.

Palikuwa na mahali pamoja tu. Aliingia ndani ya jeneza kubwa la mninga lililokuwa juu ya vigogo vya mbao pale ukutani, akajilaza, akavuta kifuniko hadi karibu kufunga, akabakiza ufa wa moshi, akawasha. Ilikuwa raha. Jeneza lilikuwa na mto. Kwa siku kadhaa alifanya hivyo kila mchana, na Fundi Vanishi, rafiki yake wa tangu utotoni aliyekuwa akimpakia rangi majeneza, alimwambia kwamba anajizoeza mapema na si vibaya.

Mambo yakaharibika siku alipokuja bibi mmoja aliyefiwa na kaka yake. Vanishi alikuwa ametoka kununua msasa. Bibi aliingia karakana, akaita, asijibiwe, akaanza kukagua mwenyewe, akigonga gonga mbao kwa kiungo cha kidole kama mtu anayechagua tikiti maji. Alipofika kwenye lile la mninga, likakohoa.

Mtu mwingine angekimbia. Bibi yule alikuwa amezika wengi na hakuwa na mbio za kupoteza. Aliinama, akatazama moshi unaotoka ufani, akagonga kifuniko.

"Hodi humu."

Ndani kukatoka kikohozi kingine, kile cha mtu anayejizuia. Kifuniko kikasogea. Bwana Sanduku akainuka hadi kiunoni, macho mekundu, kipisi mkononi, vumbi la mbao kwenye nywele.

"Karibu, mama," alisema.

"Hili naona lina mwenyewe," bibi alisema. "Nionyeshe lingine."

Mama Pacha aliyaona yote kutoka dirishani. Alingoja bibi achague, apatane bei, aondoke. Bwana Sanduku alikaa karakana akisubiri radi, na radi haikuja. Alipoingia ndani alikuta shati lake la kutokea limepigwa pasi na kuning'inizwa kwenye kiti, na juu ya kiti kadi yake ya kliniki.

"Kesho," Mama Pacha alisema, na hakuongeza neno. Bwana Sanduku alilala vibaya. Mke wa maneno mengi akitumia neno moja, mambo si mazuri.

Asubuhi alikwenda kliniki akiwa amejihami. Njiani alipanga majibu yake kama fundi anavyopanga misumari, mifupi mbele na mirefu nyuma. Babu yangu alivuta na akafa kwa kuanguka kutoka paani. Jirani yangu hajawahi kuvuta na tumemzika mwezi uliopita, nilimtengenezea mimi mwenyewe. Nikiacha nitanenepa. Na kama yote yakishindikana, lile la mbao nyingi.

Lakini kwenye benchi aliambiwa kwamba Kipaza amehamishwa. Mahali pake kuna binti mmoja, mwembamba, mpole, na wagonjwa hawajui wamfanye nini. Tayari walimpa jina: Dokta Enhee.

"Kwa nini Enhee?"

"Utaona," alisema mzee mmoja mwenye pumu, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyetoka kuibiwa na bado hajui ameibiwa nini. "Mimi niliingia na uongo wangu mzuri kabisa, nimeutunga wiki nzima. Nimetoka nao hivi hivi. Hakuna mahali pa kuutumia."

Bwana Sanduku akaingia. Picha ya mapafu meusi haikuwepo ukutani, palibaki alama nne za gundi tu.

"Shikamoo, mzee," yule daktari alisema.

Kipaza hakuwahi kumwamkia. Bwana Sanduku akasema marahaba kabla hajakumbuka kwamba yuko vitani.

"Karibu ukae. Nini kimekuleta leo?"

"Mke wangu."

"Enhee," alisema daktari, na akanyamaza.

Bwana Sanduku naye akanyamaza. Alikuwa bingwa wa kunyamaza, kwa sababu wafiwa hunyamaza sana na fundi hana budi kuwangoja. Lakini kimya cha daktari huyu kilikuwa tofauti. Hakikuwa cha kuvizia. Alikuwa ametulia tu, kalamu ameiweka chini, anamtazama kama mtu ambaye kweli anataka kujua. Mwishowe Bwana Sanduku, kwa kukosa la kufanya, akasimulia habari ya jeneza la mninga na bibi aliyepiga hodi. Daktari akacheka, akacheka mpaka akatafuta kitambaa. Fundi alijikuta anatabasamu, na akajikasirikia kwa hilo.

"Sasa anza," alimwambia.

"Nianze nini?"

"Kunikemea. Mimi nina kazi karakana."

"Mzee," alisema daktari, "kuna swali moja nilitaka kukuuliza. Sigara inakupa nini?"

Bwana Sanduku akapekua majibu yake yote, mafupi na marefu. Halikuwemo hata moja la swali hilo. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji, na huyu binti anamwuliza uji, sukari na kijiko.

"Inanipa nini? Inanipa... Ni sigara. Inanituliza."

"Inakutuliza."

"Ndiyo. Mkono."

"Enhee."

Ni hiyo enhee iliyomponza. Haikuwa swali, haikuwa jibu, ilikuwa kama mlango ulioachwa wazi, na mtu akiuona mlango ulio wazi hupita. Akaanza kusema kwamba kazi yenyewe si mbaya, watu wanafikiri ni ya huzuni lakini ukizoea ni mbao tu na vipimo. Jeneza kubwa ni kazi. Dogo si kazi. Likija agizo la dogo, la mtoto, mkono unatetemeka na msumeno unapinda, na mbao zenyewe ni fupi hivi, akaonyesha kwa viganja, na viganja vyake vikabaki hewani bila yeye kujua avishushe vipi. Siku hizo huvuta moja kabla ya kupima, moja kabla ya kukata, moja kabla ya misumari, na baada ya hapo hahesabu. Alianza hivyo zamani, alipotengeneza la kwanza. Hakuwahi kumwambia mtu. Vanishi anadhani anapenda tumbaku.

Akajifuta macho, akasema chumba hiki kina vumbi. Hakikuwa na vumbi hata chembe, na daktari hakubisha.

"Kwa hiyo sigara inakutulizia mkono siku ngumu," daktari alisema taratibu. "Na hapo hapo inakunyima pumzi ya kupigia randa siku nyingine zote."

Maneno yalikuwa ya Bwana Sanduku mwenyewe, yamekunjwa vizuri na kurudishwa.

"Ukipima kuanzia sifuri mpaka kumi, kuacha sigara kuna umuhimu gani kwako? Si kwa mkeo. Kwako wewe."

Hapa fundi aliona nafasi ya kulipiza. "Tatu," alisema, na akakunja mikono kungoja vioo vitetemeke.

"Tatu. Kwa nini tatu, isiwe sifuri?"

"Sifuri itakuwaje? Mimi si mjinga. Ninashindwa kuinua jeneza tupu. Juzi watu wa msiba walinisaidia mimi kupakia, wao waliofiwa, mimi nimekaa kwenye tofali nahema. Ni aibu. Na mke wangu amehamia chumba cha mapacha kwa sababu ya kikohozi, kanga yake ya kulalia ameichukua, na redio. Na yule bibi..." Akakata maneno. Akamtazama daktari kwa jicho la mtu aliyegundua kwamba fundi mwenzake amempunja kwenye vipimo. "Umenitega."

"Nimekuuliza tu, mzee."

"Kipaza alikuwa anasema utakufa, basi, mtu anajua alipo."

"Unaniruhusu nikuambie jambo moja juu ya mapafu yako? Usipotaka, tuliache."

Katika maisha yake yote ya hospitali hakuna aliyemwomba ruhusa ya kumwambia habari mbaya. Alitaka kusema hapana, ili aone itakuwaje. Akasema ndiyo.

Daktari akampulizisha kwenye mrija wa kipimo, mara tatu, kila mara fundi akakohoa na kulaani, kisha akamwonyesha mchoro. Yaliyoharibika yameharibika, alisema, hayatarudi. Lakini yaliyobaki yanatosha kumfikisha mbali, kama hayatakaangwa zaidi. Vumbi la mbao nalo lina sehemu yake, kwa hiyo afunge pua akiwa kazini. Na zipo dawa za kupunguza hamu. Hayo ndiyo niliyo nayo, alisema. Wewe unaonaje?

Bwana Sanduku aliona mengi, lakini alisema moja. "Nitaacha kuvuta ndani ya jeneza."

Alisema kwa dhihaka. Daktari akaitika kwa uzito, kama mtu aliyepewa ahadi ya shamba.

"Sawa. Tuanze na hapo. Tuonane mwezi ujao."

Alipofika getini alikuwa na sigara mkononi na kiberiti mkono wa pili, na hasira hakuwa nayo. Akaitafuta. Akajaribu kumkasirikia binti yule, hakuona pa kushika. Akavuta nusu, ikawa chungu, akaitupa na kuikanyaga zaidi ya ilivyostahili.

Nyumbani Mama Pacha alikuwa mlangoni.

"Amesema nini?"

"Hakusema kitu."

"Daktari mzima?"

"Ameniuliza ninaonaje."

Mama Pacha akamtazama kwa muda mrefu. "Hukwenda," alisema. "Ulikuwa kwa Vanishi."

Hakuna maelezo yaliyomtoa kwenye imani hiyo. Kwa hiyo mwezi ulipotimia, alivaa nguo yake nzuri, akamkamata mumewe kiwiko, wakaenda wote. Jeneza la mninga lilikuwa limeuzwa, na Bwana Sanduku kweli hakuwa amevuta ndani ya jeneza lingine lolote. Badala yake alivuta nje, hadharani, jambo ambalo lilimpunguzia sigara kwa sababu kila alipowasha aliliona lile jicho la dirishani. Hilo hakulisema kwa mtu.

Ndani ya chumba Mama Pacha hakungoja hata kiti. "Dokta, mwambie huyu. Mimi nimesema mpaka ulimi umeota sugu. Mwambie wewe, kwa maneno makali, yale ya hospitali."

"Karibu, mama. Naona jambo hili limekuchosha sana."

"Limenichosha? Limeniua. Nitakufa mimi kabla yake."

"Unaogopa nini hasa?"

Mama Pacha alikuwa na majibu ya kila swali duniani, na mumewe akageuka amsikilize akilitoa hili. Halikutoka. Akakaa. Akachezea ncha ya nguo yake.

"Naogopa sanduku lake," alisema mwishowe, kwa sauti ambayo mumewe hakuitambua. "Atalitengeneza nani? Vanishi? Vanishi hawezi kupigilia msumari ukanyooka. Watu wote wa hapa wamezikwa kwenye kazi yake nzuri, mbao zimekaa, pembe zimekutana, na yeye mwenyewe aende kulala kwenye kiboksi cha Vanishi, kimepinda. Mimi nimesimama pale naangalia. Hilo ndilo naliona nikisikia anakohoa."

Bwana Sanduku alitaka kucheka, kwa kuwa jambo lilichekesha. Akashindwa. Kwa miaka yote alidhani mkewe anamgombeza kwa ajili ya harufu ya mapazia.

"Hukuniambia," alisema.

"Ungesema sote, mama, ila wewe utakula mbao nyingi."

Hilo lilikuwa kweli, na daktari aliwaacha wakae nalo. Kisha akamwuliza mzee kama kuna jambo katika aliyoyasema mkewe linalomgusa, na mzee akasema pembe za Vanishi zinamgusa sana. Halafu, akiwa anatazama sakafu, alimwambia mkewe habari ya majeneza madogo. Mama Pacha alisikiliza bila kumkatiza, na Bwana Sanduku alipomaliza akaona ajabu hiyo ni kubwa kuliko zote.

"Sasa siku ya dogo, mzee, ni nini kingeweza kukusaidia badala ya sigara?" aliuliza daktari. "Wewe ndiye unayeijua siku hiyo. Mimi siijui."

Alifikiri. "Mtu," alisema. "Asiseme kitu cha maana. Akae tu pale, aseme yasiyo na maana."

Wote wawili walimtazama Mama Pacha.

"Mnaniangalia nini?" alisema.

Wakakubaliana hivyo. Akachukua na zile dawa za hamu, akisema ni za kumridhisha mke, na akazimeza zote kwa wakati wake. Sigara zikapungua, kweli zikapungua, si kwa kiasi kikubwa cha mdomoni bali kwa pakiti moja iliyomaliza wiki, kisha kwa pakiti iliyokauka mfukoni. Kwa zaidi ya mwezi hakugusa kabisa. Alifunga kitambaa puani, wateja wapya wakamdhania jambazi. Aliinua upande wa jeneza, akalifikisha kwenye gari, akasimama pale akihema lakini amesimama, akamtazama Vanishi.

"Unanitazama nini?" Vanishi alisema, moshi ukimtoka.

"Hizo zitakuua."

"Sote," alisema Vanishi.

Kisha, Mama Pacha akiwa amekwenda kumwuguza dada yake, likaja agizo la dogo. Baba aliyeliagiza alikuwa kijana, alileta kipimo kwenye kamba, ameikunja mkononi, na hakuweza kuikunjua. Bwana Sanduku aliikunjua. Alipomaliza kazi usiku ulikuwa umeingia na sakafu ya karakana ilikuwa imejaa vipisi, na sigara nyingine alizichukua kwa Vanishi bila kuomba.

Siku iliyofuata hakungoja tarehe. Alikwenda kliniki kwa miguu, kila hatua akijitayarisha. Hakupanga majibu safari hii. Alikuwa anataka yale makaripio yenyewe, ayapokee, yaishe, atoke akiwa amelipa.

"Nikemee," alimwambia Dokta Enhee kabla ya salamu.

"Kumetokea nini, mzee?"

"Nimevuta. Pakiti na ushee. Nilikuwa nimeacha, nimevuta kama treni. Usiniulize ninaonaje. Nikemee."

Daktari akamwonyesha kiti. Hakukaa.

"Kipaza angenikemea. Angevunja kioo. Kidogo tu, dokta, maneno mawili matatu."

"Nikikukemea, utafanya nini ukitoka hapa?"

Bwana Sanduku akafikiri kwa uaminifu, kwa kuwa alikuwa amechoka sana kudanganya. "Nitafika getini nivute moja."

"Enhee," alisema daktari.

Akakaa.

Alimsimulia habari ya kamba. Daktari hakusema pole haraka haraka, kama wanavyofanya watu wanaotaka umalize. Baadaye ndipo alipouliza swali ambalo fundi alilikasirikia njia nzima ya kurudi nyumbani: zile wiki zote ambazo hukuvuta, ulifanyaje? Yeye alikuja kuhukumiwa kwa jana, na huyu binti anataka kusikia habari za wiki zilizotangulia. Lakini alilijibu, na katika kulijibu akasikia kwamba alikuwa amefanya mambo mengi. Alihamisha kiberiti. Alikunywa maji. Alimpigia simu pacha mmoja na kumsikiliza akilalamika juu ya mume wake. Alitoka nje, akatembea hadi kwenye kona na kurudi. Hakuwa amejua kwamba hayo yana jina.

"Na jana, nini kilikosekana?"

"Mtu wa yasiyo na maana. Amekwenda kwa dada yake."

"Akiwa hayupo tena?"

"Kuna Vanishi," alisema, na akaguna. "Yeye yote anayosema hayana maana. Ila avutie nje."

Sigara hazikumwacha kwa siku moja kama kwenye mahubiri. Zilimwacha kama mgeni anayeaga, anasimama mlangoni, anakumbuka jambo, anarudi kukaa kidogo. Kipimo cha mrija hakikupanda sana. Kiliacha kushuka, na Dokta Enhee alisema hilo ndilo walilokuwa wakilitafuta. Bwana Sanduku alisema alitegemea angalau makofi, na daktari akampigia makofi, peke yake chumbani, mpaka mzee mwenye pumu akachungulia kuona kuna nini.

Ilikuwa baada ya mvua kubwa ndipo dogo jingine lilipokuja. Mama Pacha alikuwa jikoni. Alimwona mumewe amesimama katikati ya karakana, ubao mkononi, hafanyi kitu, akafunika chungu na kuvuka ua. Akafuta vumbi kwenye kigoda, akaketi, akaanza. Alisema juu ya paa la jirani ambalo limetiwa viraka kwa bati la rangi nyingine. Alisema juu ya wifi wa dada yake, ambaye amenunua viatu vya kisigino na miguu yenyewe haina uhusiano mzuri na ardhi. Alisema na kusema. Bwana Sanduku alipima, akakosea, akapima tena.

"Wifi yupi?" aliuliza, msumeno ukiwa juu ya ubao.

"Wewe hunisikilizi. Yule wa kwanza, mwenye shingo."

Mkono ulitetemeka. Alikata polepole, na palipopinda akapiga randa mpaka pakanyooka. Pembe zilipokutana alizipapasa kwa kidole gumba, zote nne, akaridhika. Baba wa mtoto alikuja na jamaa zake, wakalichukua bila maneno mengi, wakaondoka nalo mabegani, jepesi.

Fundi alitoka, akasimama uani. Mkewe alimfuata na kusimama kando yake.

"Unaitaka?" alimwuliza.

"Naitaka sana."

"Najua."

Baadaye Mama Pacha alikumbuka chungu, akanusa hewa, akasema chakula kimeungua na ni kosa la wifi, wakaingia ndani kula hivyo hivyo.